Kitufe cha Kukata

Miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa pamba walipojaa Bariadi, Anyesi naye alifungua kijijini Zagayu studio ya picha yenye kompyuta moja na programu ya bure ya kutengenezea picha. Watengenezaji wa programu hiyo waliwauliza watumiaji kwa barua pepe ni kazi zipi zipewe kitufe kimoja tu cha kubonyeza. Anyesi aliomba kumkata mtu kutoka kwenye picha ya wengi. Walikataa, wakisema hiyo ni kazi ya mara moja moja.

Wangejuaje hao? Mtu wa Zagayu hupigwa picha harusini, katikati ya watu. Akifa, ndugu huileta hiyo hiyo, akatwe abaki peke yake, awekwe mbele ya jeneza. Anyesi hakumbembeleza mtu. Alijipangia kitufe chake mwenyewe, kidole kikakizoea.

Kisha akafariki Boniventura, mumewe. Picha yake nzuri ilikuwa moja, ya harusi yao. Anyesi alimzungushia mstari kama alivyowazungushia wengine wote, na kidole kikabonyeza chenyewe.

Boniventura akabaki peke yake, na mkono wa mwanamke begani.

“Shemeji, na huo mkono?” aliuliza mdogo wa marehemu.

“Uache. Utamsindikiza.”