Noti Chini ya Meza ya Baba

Kabla Truphena hajamaliza wiki ya kwanza ya kazi za ndani Riyadh, aliokota noti ya riyali hamsini chini ya mto wa kochi, akampelekea madam. Madam aliipokea bila kushangaa. Peris, binamu yake Truphena, mfanyakazi wa ndani wa miaka mingi kule Jeddah, alicheka alipoelezwa kwenye simu.

"Huo ulikuwa mtego, mami. Siku nyingine ukiona pesa sakafuni, ipite kama mavi ya paka."

Kwa hiyo Truphena alipoona noti nyingine chini ya meza ya baba, aliipita. Baba mwenye nyumba alikusanya noti za kale zilizotolewa na benki za miji midogo ya Marekani, kila noti na jina la mji wake. Alisoma huko ujanani. Truphena hakuyajua hayo. Aliona karatasi ya hudhurungi, pana kuliko dola yoyote aliyowahi kuiona, akawaza kwamba safari hii hata chambo chenyewe ni bandia. Kila asubuhi akawa anapiga deki akiizunguka.

Siku baba alipofungua albamu yake, alikuta mfuko mmoja mtupu. Noti hiyo aliitafuta miaka, hadi akaipata kwa muuzaji mmoja wa Jeddah. Madam alipekua begi la Truphena na godoro. Hata Biblia ilikung'utwa. Baba akasema, tena kwa upole, kwamba isipopatikana ataita polisi.

Truphena alisimama mlangoni. Akisema anajua ilipo, wataona ndiye aliyeificha. Akinyamaza, ni jela. Na kama huu nao ni mtego?

"Iko chini ya meza, baba," alisema mwishowe, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. "Mimi sijaigusa."

Baba alipiga magoti. Sakafu nzima iling'aa, ila noti ilizungukwa na ukanda wa vumbi, upana wa kidole, ambao tambara halijawahi kuufikia. Aliutazama sana.

"Uliiona siku zote hizi?"

"Niliiona."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani mmeniwekea. Kama ile hamsini."

Madam akageukia dirisha. Baba aliinuka, akaipuliza noti vumbi, akamnyooshea aione vizuri, pale palipoandikwa jina la mji. Truphena aliinama kidogo akasoma, mikono ameifungia nyuma ya mgongo.