Bata wa Kwanza wa Delphine

Ndege ndogo kutoka kaskazini inatua, na Agatha Wabano anasogea hadi kwenye uzio, ufunguo wa gari mkononi. Theluji imeyeyuka nusu. Uwanja ni tope tupu. Abiria wanne wanashuka. Delphine, anayemsubiri, hayumo.

"Mama Agatha, mzigo wako huu!" rubani anaita, akimkabidhi boksi lililofungwa kamba. "Mzito kama shangazi yangu."

Ndani mna bata bukini, hajanyonyolewa hata unyoya mmoja.

Kwa miaka kumi na moja Agatha amekuwa mlezi wa vijana wa Kikri, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada, wanaoacha vijiji vyao vya ghubani kuja mjini kusoma sekondari. Anawalaza nyumbani kwake, anakaa nao kwenye hesabu, anaitwa shuleni wakikosa. Kila masika wanarudi kwao kuwinda bata. Wengine hawarudi tena mjini.

Mwaka huu alianza na watano. Wawili tayari wamerudi mjini. Wawili wengine wamesema hawaji tena. Aliyebaki ni Delphine Koostachin, msichana wa miaka kumi na minane. Mtihani wake wa mwisho ni wiki ijayo, na kwao hakuna aliyewahi kuufikia.

"Bata wa kwanza kumpiga hupewa mzee aliyekulea," Agatha anamwambia rubani. "Kanipa mimi. Nimefurahi, lakini moyo unaniuma. Naona kama ananiaga."

Akifika nyumbani anapiga simu.

"Umempata, mama?" Delphine anauliza.

"Nimempata. Na wewe je?"

"Bibi mguu umevimba, hasimami. Kuni nani atampasulia?"

"Si wapo binamu zako?"

"Hao? Hata sukari ya chai wanasubiri wawekewe."

Agatha anacheka kidogo. Hamgombezi. Mwaka jana kijana mmoja alirudishwa mjini kwa nguvu. Alishinda dirishani, hali, hasemi, mpaka akaondoka tena.

"Bata wako nimemweka kwenye friza," anasema. "Haliwi mpaka aliyempiga akae mezani. Ndiyo desturi."

Simu inanyakuliwa huko. Sauti ya kikongwe inaingia: "Wewe Agatha! Desturi hiyo umeitoa wapi? Mle bata, acha uongo."

"Ni ya nyumba yangu, mama. Imeanza leo."

Bibi anacheka, kicheko kinageuka kikohozi kirefu, na simu inakatika.

Agatha anakaa na simu mapajani, midomo ikisali bila sauti. Baadaye anatandika shuka safi kwenye kitanda cha Delphine, kilicho karibu na jiko.

Ndege nyingine ni Ijumaa. Dada yake atakuja kulala na wale wawili. Yeye ameshaazima shoka la mkono mfupi, linaloingia kwenye begi.

"Naenda kumpasulia bibi kuni mimi," anamwambia dada yake. "Kiti nitakachokiacha kwenye ndege, akikalie Delphine. Akikataa, nitakuwa nimepasua kuni."