Udongo wa Damiani

Klara wa Ulemo alikuwa na mtoto mmoja dereva, na hilo lilimtosha kutembea kifua mbele. Damiani aliendesha lori la mafuta ya alizeti kutoka Singida mjini kwenda Mwanza, na kila safari alikata kona pale Misigiri mpaka uani kwa mama yake. Alivua kofia, akatoa shikamoo, akala ugali wa uwele kwa mlenda, kisha akaondoka akipiga honi mpaka bondeni. Majirani wakiisikia walijua Klara ameagwa.

Siku hiyo hakuja kula. Alikuja kumzika baba yake mdogo Emilian, aliyemlea tangu baba yake afariki. Katika ukoo wao udongo wa kwanza humwagwa na kijana mkubwa wa nyumba, na huyo ni Damiani. Kaburi lilikuwa ng'ambo ya shamba tu, nyimbo zinasikika, watu wanamngoja yeye.

Hajashuka bado, injini inanguruma, sauti ya kijana ikatoka mle ndani ya lori.

"Damiani, umetoka njiani. Upo Ulemo unafanya nini?"

Klara akachungulia ndani, akazunguka mpaka nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Nani huyo?"

"Ofisini, mama, Dar es Salaam. Wamefunga kidude juzi juzi. Wanaona gari lilipo, na hiyo kamera inaniona mimi nilivyokaa."

"Mpaka hapa uani kwangu?"

"Mpaka hapa."

Klara akajifunga kanga upya, kama mtu aliyekutwa bafuni. Halafu hasira ikampanda.

"We kijana, unaingia mji wa watu bila hodi? Na shikamoo yako umeiacha wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu ana msiba. Akishazika atakuja."

"Pole, mama. Lakini hakuomba ruhusa. Arudi barabarani, la sivyo gari linazimwa."

"Mama, niachie niongee naye," alisema Damiani.

Hakumwachia. "Zima basi tukuone. Ufunguo anao yeye."

Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Mikono ya Damiani yote miwili ilikuwa juu ya usukani, na ufunguo ulikuwa unaning'inia palepale, haujaguswa. Klara aliutazama, akashika mlango wa lori.

"Umewaambia wazime," Damiani alisema taratibu.

"Nilijua ananitishia tu."

"Mwenzangu Ignas alishuka kumwona mgonjwa wake. Sasa hivi yuko nyumbani, hana kazi. Nikiacha hiki kiti, mama..."

Klara alikata shamba moja kwa moja mpaka kaburini, akapiga magoti kwenye kifusi cha udongo, akachota na kuweka kwenye pindo la kanga. Mzee Mughwai, aliyeshika koleo, alimgeukia.

"Shemeji, tangu lini mwanamke akabeba udongo wa kaburi?"

"Tangu leo. Damiani amefungwa."

"Na polisi?"

"Hapana. Polisi ningewaona, ningewaomba. Ngojeni nirudi."

Akarudi kwenye lori, akainua pindo la kanga mpaka dirishani. Damiani akatoa mkono, akaufumbata ule udongo kwa nguvu.

"Baba mdogo, nimefika," alisema. Machozi yalimtoka, akayaacha, maana hakutaka kamera imwone anajifuta. Kisha akaurudisha kwenye kanga.

Klara ndiye aliyekwenda kuumwaga juu ya jeneza, mbele ya wanaume, na hakuna aliyemkataza. Wakati wanafukia wakasikia lori likiwaka, likaondoka. Klara akasimama kuisubiri honi. Lori likateremka bondeni, likapanda ng'ambo, mlio ukapotea.

"Leo hajakuaga?" aliuliza Mughwai.

Klara alikung'uta kanga.

"Labda na honi wanaisikia," alisema.