Gari la Kumpeleka Mayi Kambi Muru

Nakumbuka Jumapili moja, nikiwa na umri kama wako wa sasa, niliendesha gari jekundu la milango miwili kutoka Riruta Satellite mpaka Dagoretti Corner huku nikicheka kama mtu aliyerukwa na akili. Gari halikuwa langu bado. Kijana aliyekuwa akiliuza aliketi kando yangu, ameshika kiti kwa mikono miwili, akijifanya haogopi. Barabara ilikuwa tupu na injini ilinguruma vile unavyopenda wewe. Nimeanza na hilo, mwanangu, usije ukadhani mimi senge yako, dada ya baba yako, nilizaliwa na blanketi mapajani.

Nimeziona picha ulizonitumia kwenye simu. Vigari vyote ni vidogo, vyote ni vya zamani, na vyote vimepigwa polishi vikang'aa. Umeandika kwamba unataka kitu kitakachokufanya ufurahie njia ya kazini, halafu mwishoni, haraka haraka, ukaongeza kwamba kitasaidia pia kumpeleka baba yako kliniki. Baba yako naye amenipigia akitaka nikukanye. Anasema mtu mwenye akili hununua gari la juzi juzi, la rangi ya kijivu, lisilo na maneno. Sitakukanya. Njia ya kazini inakula sehemu kubwa ya maisha ya mtu, na anayeweza kuifurahia na aifurahie. Ila kuna jambo niliambiwa na mwanamke mmoja wa Kawangware, na sijaacha kumshukuru mpaka leo.

Siku hizo nilikuwa nafundisha chekechea kule Ayany na kupanga chumba Kawangware. Nyanya yako, ambaye sisi wanawe tulimwita Mayi, alikuwa ametoka Bungoma kuja kukaa nami baada ya babu yako kufariki. Magoti yake yalikuwa yameharibika. Kwetu Kawangware makanisa yalikuwa tele, lakini yeye lake lilikuwa Kambi Muru, kule Kibera, ambako wanawake waliotoka nyumbani Bungoma waliimba kwa lugha yetu na kuulizana habari za mahindi na za wagonjwa. Mwanzoni tulikwenda. Tulipanda gari moja, tukashuka, tukapanda lingine, halafu tukatembea. Ikafika Jumapili ambayo hakuweza kushuka kwenye ngazi ya basi bila kubebwa na makanga, na aibu aliyoipata siku hiyo ilimmaliza. Hakutaka kwenda tena.

Alichofanya ni hiki. Kila Jumapili aliamka, akafunga kitambaa chake cheupe cha kanisani, akaketi mlangoni na Biblia. Mchana alikifungua, akakikunja, akauliza tutapika nini. Alikuwa akikonda, mwanangu, na si kwa njaa. Niliogopa kwamba tutamzika akiwa hajawaona tena wenzake.

Basi nikaanza kutafuta gari, na kila aliyeniuliza nilimwambia natafuta gari la kumrudisha Mayi kanisani. Walimu wenzangu walinisifu. Mchungaji aliniombea. Nami nilikuwa nimeshalipenda lile jekundu tangu nilipoliona likipita Satellite likiwa na karatasi ya kuuzwa kiooni.

Jumapili hiyo niliporudi kutoka Dagoretti Corner, mashavu bado yakiniuma kwa kicheko, nilimkuta mwenye ploti, aliyetupangisha chumba, akianua nguo uani. Tulimwita Mama Wanjiru. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa maneno, ambaye hakukopesha mtu chumvi na hakumnyima mgonjwa uji. Nikamsimulia lile gari, mwendo wake, rangi yake, jinsi lilivyokuwa chini karibu na lami. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja shuka.

"Umeketisha mama yako ndani?" akaniuliza.

Nikasema bado, lakini atakaa mbele, kiti ni kizuri.

"Mwalimu, skiza. Kama unataka gari ya raha, sema unataka gari ya raha. Hakuna mtu atakushika. Hata mimi ningekuwa na nguvu ningenunua. Lakini usinunue yako halafu useme ni ya mama. Huyo mama anasikia ukisema hivyo kila siku, na ataingia hapo hata kama inamuumiza, sababu hataki kukuharibia."

Nilikasirika. Nilimwona mama mzee anayejiingiza katika mambo ya watu. Nikaingia chumbani nikapika kwa kelele za sufuria, na Mayi akaniuliza kama kuna mtu amenikosea. Nikasema hakuna. Lakini maneno yalikuwa yameshaingia, na usingizi ulinipa taabu.

Kesho yake, kabla sijaenda kazini, nilimwita yule kijana alete gari mpaka kwenye ploti. Alikuja amenuna kidogo, akasimama nje ya geti. Mayi alitoka amevaa sweta yake nzuri, nadhani kwa heshima ya gari. Akageuza mgongo, akashika paa, akajaribu kuketi. Kiti kilikuwa chini mno. Akajaribu kutanguliza mguu mmoja, goti likakataa.

"Shosho, kunja tu mguu kidogo, itaingia," kijana akasema.

Mayi alikunja. Niliona uso wake ulivyobadilika, kisha nikamwona akiutengeneza uso huo haraka ili nisione. Akasimama akishikilia mlango, jasho limemtoka kwenye paji la uso, akapapasa rangi ile nyekundu kwa kiganja.

"Ni nzuri sana, mwanangu," akaniambia. "Nunua. Mimi nitakuwa nawaombea nikiwa hapa nyumbani."

Nilimwambia kijana arudi na gari lake. Alisema mengi, kwamba kuna watu wengine wanalingoja, kwamba nitajuta. Nilikuwa nalia, kwa hiyo hatukubishana sana. Mama Wanjiru alikuwa amesimama uani na beseni lake. Aligeuka akaendelea na kazi yake, na hilo nalo namshukuru.

Lililokuja baadaye lilikuwa Reno Foo, gari dogo la Kifaransa waliloliita Roho, la rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa ya Mzee Ouma, mwalimu mstaafu aliyekaa Ayany, karibu na shule yetu. Kwa sura, mwanangu, nisikudanganye, ilifanana na kabati lililowekewa magurudumu. Vioo vyake havikushuka, vilisukumwa kando. Gia yake ilitoka kwenye dashibodi, ukawa unaivuta na kuisukuma kama mpini wa droo. Mzee Ouma aliniambia nije asubuhi kabla hajaiwasha, ili niisikie ikiamka. Iliamka kwa kukohoa kidogo, kisha ikatulia. Akainua kapeti kwa mkono wake akanionyesha mahali kutu ilipokuwa imeanza kula. "Hii utachomelea mapema," akasema, "na usingoje mvua." Nikamwambia sharti langu ni moja tu, mama yangu aketi ndani kwanza. Akacheka, akavaa kofia, tukaenda naye mpaka Kawangware.

Mayi alitoka bila ile sweta nzuri. Nafikiri hakutaka kutumaini. Mlango ulikuwa mpana na kiti kilikuwa juu, laini kama kiti cha sebuleni. Aligeuka, akaketi, akainua mguu mmoja kwa mikono yake, kisha wa pili. Sote tulikuwa tukimtazama, hata wapangaji waliokuwa wakipiga mswaki bombani.

"Funga mlango," Mayi akasema. "Twende."

Tulikuwa hatujalipa hata kidogo. Lakini Mzee Ouma alihamia nyuma, nami nikamzungusha Mayi mpaka Satellite na kurudi. Kwenye kona gari lile lililala upande kana kwamba litakaa chini, na Mayi akashika mkono wangu akicheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu babu yako afariki.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Kambi Muru. Gari halikuweza kufika mlangoni mwa kanisa, vichochoro vya kule unavijua, kwa hiyo niliegesha kando ya barabara. Wanawake wa nyumbani wakaja kumchukua, wamemzunguka, wanamtembeza polepole huku wakimgombeza kwa kupotea. Nilibaki nimeshika usukani nikimshukuru Mungu, na Mama Wanjiru nikamtaja kwa jina.

Nayo raha niliipata, usidhani niliikosa. Kila asubuhi niliteremka Naivasha Road na kuingia Ngong Road nikivuta na kusukuma ile droo, na watoto wa chekechea walinisubiri getini wapigiwe honi. Uani nako Mama Wanjiru alihamisha kamba za nguo ili gari lipate pa kulala, akatangaza kwamba atakayelalamika aanike barabarani. Mayi alikwenda kanisani mpaka wiki ya mwisho ya maisha yake, na wenzake ndio waliomwimbia tulipomzika.

Sasa nisikilize, mwanangu. Chagua hicho kigari, tena uchague kile kinachokuchekesha, kwa sababu gari la zamani litakusumbua, na mtu huvumilia usumbufu wa kitu anachokipenda tu. Lijaribu siku ya kazi, katika msongamano wako wa asubuhi, si Jumapili barabara ikiwa tupu. Fika kabla mwenyewe hajaliwasha, na boneti ikiwa na joto, uliza kwa nini. Inua kapeti. Uliza fundi wako kama spea zinapatikana kabla moyo haujazama. Lakini haya yote hata fundi atakwambia.

Langu ni hili. Baba yako ni mwenye kiburi kama Mayi, na mgongo wake unamuuma kuliko anavyokueleza. Ukimwambia gari ni zuri atasema ni zuri. Kama unalinunua kwa ajili yako peke yako, sema hivyo mbele yake, atakutania siku mbili na hatakuchukia. Kama ni lake pia, mlete aketi ndani kabla hujalipa, na wewe usitazame gari, mtazame yeye usoni. Ukiona anautengeneza uso wake, rudisha gari.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe gari linalowaka asubuhi, na njia isiyokuchosha, na miaka mingi ya kuwa na mtu wa kumpeleka. Mimi nilipewa, na bado nashukuru.