Mafuta Katika Damu ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa karani wa kupima mizigo bandarini Kalemie, na tumbo lake lilikuwa sehemu ya kazi yake. Wenye mizigo walilitazama kwanza lile tumbo, kisha mizani, kisha wakakubali uzito bila kubisha. Mimi nilikuwa nauza mawese sokoni. Nasema hivyo mapema ili mutu asidhani nilikuwa mke asiyehusika.

Zilikuwa siku za Zaire, siku za abakosti, ile suti isiyo na tai, na salongo, kazi ya bure ya lazima. Munganga mupya alikuja kwenye dispensari ya wafanyakazi, kijana mwembamba aliyesoma mbali, akaagiza kila mfanyakazi aliyepita miaka arobaini atolewe damu. Zile chupa ndogo zikapelekwa Lubumbashi kwa treni. Majibu yalirudi baada ya wiki nyingi, wakati sisi tulikuwa tumeshasahau kama mume wangu alitolewa damu.

Siku ile alirudi nyumbani saa sita, anacheka.

"Mama," akaniambia, "munganga anasema damu yangu iko na mafuta. Tena mafuta mingi."

Wakati ule mafuta yalikuwa shida kupatikana. Jirani yetu alisikia kupitia ua, akaja kumpa mkono. Akauliza kwa heshima kama hayo mafuta yanaweza kutolewa. Mume wangu alisema hajui, ataulizia.

Kesho yake munganga akaniita mimi. Alikuwa amegundua kwamba mume wangu aliipokea habari ile kama pongezi.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nauza mawese."

Aliiandika kwenye karatasi yake. Kisha akaniuliza mawese yanakuwaje asubuhi za kipwa, mvua zikiisha na baridi ikiingia.

"Yanaganda kwenye shingo ya chupa," nikasema. "Ukiinamisha, hayatoki."

"Sasa njo vile ndani ya mishipa yake. Yanaitwa kolesteroli. Siku moja damu itataka kupita, haitapita."

Hapo nilielewa. Baba mkwe wangu alianguka akifanya kazi kule Kabimba, kwenye vumbi la saruji, alipokuwa na umri ule ule wa mume wangu. Alikuwa akiongea, akanyamaza, na hakuna aliyejua sababu. Walisema ni mutu alimtupia kitu.

Munganga akanipa masharti. Mawese kidogo sana. Ngozi ya nguruwe basi, na mandazi basi. Samaki wa kuchemsha au wa kuchoma, maharagwe, mboga ya lengalenga kwa wingi. Sigara aache. Na kila siku atembee nusu saa, haraka, kama mutu aliyechelewa treni.

Nilipomfikishia, mume wangu alisema, "Huyu munganga hatujui bado. Hapa treni njo inachelewa, si mutu."

Jioni nilimpikia kuhe kwa nyanya, kitunguu na ndimu, bila tone la mafuta. Alimgeuza yule samaki upande mmoja, akamgeuza upande wa pili.

"Hii ni chakula ya mugonjwa."

"Wewe njo mugonjwa."

Alikula. Sokoni sikumwambia mutu. Kwa miaka minane nilikuwa nasifia mawese yangu kwamba mume wangu hali mengine. Sasa nilisema tu kwamba ni mazuri, na nikatazama pembeni.

Shida haikuja kwa chakula, ilikuja kwa kutembea. Mume wangu aliona aibu kwenda mahali ambapo haendi. Mutu mzima, karani, anaamka saa kumi na mbili kutembea halafu arudi, kwa nini? Basi alivaa viatu vya kazi, akachukua mkoba wake wa biro, wa kwendea ofisini, mtupu kabisa, akaenda kwa haraka hadi daraja la mto Lukuga na kurudi.

Siku ya kwanza mama wawili walimfuata. Siku ya tatu walikuwa kama thelathini, kila mmoja na beseni au mfuko.

Tungepaswa kulitambua jambo hili mapema. Sukari ilikuwa imepotea mjini kwa muda mrefu. Karani wa bandari anapita alfajiri, mbio mbio, ameshika mkoba, haongei na mutu. Nani asingemfuata?

"Mama zangu," aliwaambia, "hakuna sukari. Ninatembea tu."

Wakatazamana. Mutu anayesema hakuna sukari kabla hajaulizwa, huyo anajua ilipo.

Alipofika darajani alisimama kuvuta pumzi. Nyuma yake wakapanga foleni. Aliketi juu ya jiwe, na mama mmoja akaweka beseni mbele ya miguu yake.

"Papa, mimi ni wa kwanza. Umuone huyu wa nyuma yangu, asije akasema alikuwa hapa."

Mume wangu akainuka, akageuka, akarudi mjini. Foleni nayo ikageuka, na ugomvi ukatokea, kwa sababu wa mwisho sasa walikuwa wa kwanza.

Wiki ya pili walikuwa zaidi ya mia. Mama mmoja alianza kukaanga mandazi pale darajani kwa ajili ya wanaongoja, na mume wangu kila asubuhi alipaswa kupita kwenye ile harufu akiwa na njaa. Kwenye soko mteja wangu aliniomba, kwa vile mimi ni mke wa karani, nimshikie nafasi kwenye foleni.

Kisha ikaja karatasi. Mume wangu anaitwa kwa mkubwa mmoja wa serikali, kujieleza juu ya mikutano bila ruhusa. Nilienda naye, kwa sababu nilijua atajieleza vibaya.

Mkubwa alikuwa ameketi, amevaa abakosti ya kijivu, na tumbo lake lilizuia droo ya meza isifunguke. Pembeni, sekretari wake alikuwa anaandika.

"Sitwayeni," akamwita mume wangu, yaani mwananchi, "unapeleka wantu wapi?"

"Darajani, Mkubwa."

"Kufanya nini?"

"Kugeuka."

"Halafu?"

"Kurudi."

Sekretari aliandika yote hayo.

"Nani alikutuma?"

"Munganga. Ni kwa ajili ya kupunguza kolesteroli."

Mkubwa akaweka kalamu chini polepole. "Huyo Kolesteroli ni nani? Ni mwenyeji wa wapi?"

Nikaona mume wangu anafungua kinywa, nikawahi. "Mkubwa, si mutu. Ni mafuta."

"Mafuta?" Alimtazama sekretari. "Mimi niliambiwa ni sukari."

Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi: mawese, baridi, shingo ya chupa, damu inayokosa njia. Nilimtaja na baba mkwe wangu. Nilipofika kwa baba mkwe, mkubwa alimwambia sekretari atoke nje. Mlango ulipofungwa, alishusha sauti.

"Mama. Munganga alijuaje? Kuna alama?"

"Hakuna, Mkubwa. Aliona kwenye damu."

"Na mutu mwenye mwili kama wangu?"

Mume wangu, kwa mazoea ya kazi yake, alimtazama kutoka juu hadi chini kama anayekadiria kilo, na mkubwa akaelewa.

Sekretari naye alikuwa ameelewa yake, na kabla ya jioni alikuwa ameyasambaza mjini. Kesho asubuhi hakuna aliyekuja na beseni. Walikuja na chupa na mabidoni ya kubebea mafuta. Mji mzima ulijua sasa kwamba karani anatafuta mafuta, na mke wake ni muuza mawese, basi ushahidi ulikuwa kamili.

Jumatatu iliyofuata mkubwa mwenyewe alitokea, amevaa viatu vya mpira na askari wawili nyuma. Akatangaza kwamba kutembea kunaruhusiwa, lakini bila chombo. Askari wakakusanya mabidoni kando ya njia. Na hapo, badala ya wantu kupungua, waliongezeka, maana kama mkubwa mwenyewe anatembea, basi hayo mafuta si uvumi tena. Walitembea mikono mitupu, haraka, na hakuna aliyethubutu kumpita mkubwa, ambaye alipanda kilima kidogo kama gari lililobeba mawe. Mimi pia nilianza kwenda, nikaacha meza yangu kwa dada yangu hadi saa mbili.

Asubuhi moja, tukiwa wote darajani, meli ilifika bandarini na sukari. Sukari ya kweli, magunia. Iliuzwa na kuisha kabla hatujarudi. Mume wangu, aliyepaswa kuipima, alikuta mizani imefutwa vumbi na mutu mwingine. Jioni ile hakuna mama aliyemsalimia njiani. Siku iliyofuata tulikuwa watatu tu na askari wawili: mume wangu, mkubwa na mimi.

Kilikuwa kimya kizuri. Tulipovuka nusu ya njia mume wangu akaniambia, bila kunitazama, "Nilikuwa nimesimama karibu naye. Baba. Alikuwa ananiambia habari ya wavu, neno likakatika katikati." Kwa miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunisimulia. Tukaendelea kutembea. Mkubwa alikuwa amebaki nyuma, na sidhani kama alisikia.

Baada ya miezi mitatu mume wangu alitolewa damu tena, ikapanda treni tena. Mkanda wake ulikuwa umeingia matundu mawili. Bandarini wantu walianza kubishana naye juu ya uzito wa mizigo, jambo ambalo hakulizoea. Dada yake alikuja kutoka Kabimba kwa sababu alisikia kaka yake anaisha. Akanitazama vibaya siku mbili, akala lengalenga zangu siku hizo zote mbili, akaniomba mbegu.

Majibu yalipofika, munganga alituita sote. Kolesteroli ilikuwa imeshuka. Haikuwa imeisha, alisema, na haiwezi kuisha, wala haitakiwi iishe. Lakini imeshuka vizuri, na asiache kutembea.

Mume wangu alisoma ile karatasi mara mbili.

"Munganga, una hakika ni damu yangu? Mimi ninafanya kazi na mizigo. Kwa treni vitu vinabadilishana."

"Ni yako, Papa."

"Ile ya kwanza ilikuwa yangu?"

Munganga alinitazama mimi. Nikamwambia mume wangu avae kofia twende. Nilikuwa nimeacha maharagwe kwenye moto, na sikutaka munganga anione nikilia kwa ajili ya karatasi.