Nyumba Yenye Mwenyewe

Tangu aolewe, Asmaa alikuwa akikunjwa na kukunjuliwa kama mkeka. Yeye na mumewe Jeilani walihama nyumba za kupanga Amu mjini mpaka akaacha kufungua masanduku yote. Jeilani aliendesha mashua za wageni Ras Kitau, akirudi Alhamisi kwa Alhamisi. Asmaa, mzaliwa wa Siyu, alisuka mikeka ya miyaa. Watu wa kipato chao hawakuzoea kuitwa wenye nyumba.

Basi chama kimoja cha ushirika kilipotangaza kwamba kinawasaidia watu wa hali ya chini kununua nyumba kidogo kidogo, Asmaa alikuwa wa mwanzo mlangoni. Mshauri wa chama, Bwana Abdulwahid, aliwasomea mkataba neno kwa neno, akawaeleza hata la kufanya wakikwama. Nyumba yenyewe ilikuwa Kipungani, mwisho wa kijiji, ya mawe na paa la makuti. Chama kiliinunua mnadani. Asmaa hakuuliza ni mnada wa nani. Mwenye kiu haulizi kisima alikichimba nani.

Hawajamaliza mwezi, mambo yakaanza. Kila adhuhuri Asmaa alikwenda kusuka na wanawake wenzake, na kila alasiri alikuta uwanja umefagiwa na mtungi umejaa maji. Alimuuliza jirani yake, Esha, kama ni yeye aliyemfanyia wema huo. Esha hakutabasamu.

"Nyumba hiyo ina mwenyewe," alisema, kisha akaulizia bei ya ukili wa mikeka.

Asmaa akafukiza ubani vyumba vyote. Akamwita mwalimu wa madrasa akasoma Yasini. Kesho yake alikuta uwanja umefagiwa kama kawaida, na chetezo chake kimemwagwa majivu, kimesuguliwa, kimeinamishwa kando ya ukuta kikauke. Jini gani huyu anayeosha vyombo?

Siku ya tatu hakwenda kusuka. Alijibanza chumba cha ndani, kijiji kizima kikiwa kimya kwa jua. Akasikia komeo la mlango wa jikoni likiinuliwa kutoka nje, taratibu, na mkono unaojua mahali pa kupitisha kijiti. Akaingia bibi kizee mwembamba, buibui limepauka, asitazame huku wala huku. Alichukua ufagio akaanza kazi.

Ulimi wa Asmaa ukashika Ayatul Kursiy wenyewe, lakini katikati ukakwama kwa hofu. Yule bibi akaacha kufagia, akaidakia aya pale ilipokatikia, akaimalizia kwa sauti nzuri.

Asmaa akatoka mafichoni. "Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Ndoo hapa, mwanangu, keti. Kunywa mayi. Wewe u mgeni wa nani?"

"Mimi... nakaa hapa, Bi."

Bibi akamtazama, macho yake yakajaa furaha. "Alaa! Fawaz ameoa? Mbona hakunambia?"

Asmaa alikunywa maji aliyokaribishwa nyumbani kwake mwenyewe, na yalimshuka kama mawe.

Jioni alimbana Esha, na safari hii Esha alisema yote, akilia. Bibi yule ni Bi Hindu. Fawaz ni mwanawe wa pekee. Baba alipokufa, Fawaz aliweka rehani hati ya nyumba ili anunue mashine ya mashua. Mashine ikafa, mkopo haukulipwa, naye akakimbilia Mombasa. Kabla ya siku ya mnada alimhamishia mama kwa Safaa, mpwa wa mama, papo hapo kijijini, akamwambia paa linaezekwa upya. Hata leo bibi anangoja mafundi wamalize.

"Na hakuna aliyemwambia?"

"Kila mtu alimngoja mwenzake," Esha akasema. "Sote twaliona. Sote twalinyamaa."

Asubuhi Asmaa akapanda boti kwenda Amu, akamkabili Abdulwahid. "Bwana, wajua mumeniuzia nyumba ina mtu ndani?"

Abdulwahid alimsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Alisema notisi ya mnada ilibandikwa mjini kama sheria inavyotaka. Kisha akakiri mwenyewe kwamba hakuna wa Kipungani asomaye kuta za mjini.

"Bibi angekuja kwangu kabla ya mnada, kulikuwa na njia," alisema. "Kuomba muda. Kuomba malipo yapunguzwe. Hata kwenda kwa kadhi, maana fungu lake la urithi halikugawanywa. Baada ya nyundo ya mnada kugonga, sina la kurudisha."

"Basi nifunze hayo ya kabla."

Akamfunza. Tangu hapo Asmaa alisuka na kusema. Alikaa na wanawake wa Kipungani, Matondoni hata Kililana, akiwauliza kama wanajua hati ya nyumba ilipo. Wengi hawakujua. Wengine walimwona mchimvi, mleta mikosi. Husni mvuvi alimfukuza mlangoni, kisha alasiri akamfuata mwenyewe, uso umesawijika: onyo la mnada limemfikia na alikuwa hajamwambia mkewe. Asmaa alimpeleka mume na mke pamoja kwa Abdulwahid. Wakapewa muda, malipo yakapunguzwa, na mpaka leo watoto wa Husni wanalala kwao.

Lakini jambo hilo halikumtuliza. Kila adhuhuri komeo liliinuliwa, na kila adhuhuri Asmaa akawa mke wa Fawaz. Alijaribu kusema kweli mara moja. Bi Hindu alimpapasa mkono akasema, "Joto limekupanda kitwani, mwanangu," akaendelea kufagia. Asmaa akampa chumba alale. Bibi akacheka: nani humpa mtu chumba ndani ya nyumba yake? Jeilani naye aliporudi alitambulishwa kuwa ni rafiki wa Fawaz, akakaribishwa kahawa.

"Mimi ni nani basi hapa?" alimnong'oneza mkewe.

"Sijui," Asmaa akajibu. "Hata mimi sijijui."

Bi Hindu alifariki mwezi wa Rajabu, kwenye kivuli cha ukumbi, mchana. Safaa alitaka maiti apelekwe kwake. Asmaa akakataa, jeneza likatoka pale. Wanawake waliojaa nyumba walimpa mkono wa rambirambi kama mkwe, naye akaupokea.

Fawaz alifika baada ya maziko. Hakuvuka kizingiti.

"Alikuwa akijua?" aliuliza, macho kwenye vumbi.

Asmaa angeweza kumpunguzia, na angeweza kumuumiza. "Alikuwa akikungoja," alisema. "Ingia umsomee mamako."

Fawaz aliushika mwimo wa mlango kama mtu anayepima kina cha maji. Kisha akaachia, akarudi gatini, wala hakungoja hitima.