Maombi Kabla ya Chai

Mkitaka kucheka chekeni tu, kwa sababu hata mimi nikiikumbuka siku ile nikiwa peke yangu jikoni huwa najifunika uso kwa leso, na kama ni mtu mwingine angefanya nilichofanya mimi Chemtai, ningekuwa nimeisimulia Kitale nzima kabla ya saa sita.

Chanzo kilikuwa njaa. Nilitoka nyumbani bila kunywa chai, na siku hiyo kiwandani kwetu (tunakausha na kuchambua mbegu za mahindi) tulikuwa tunamuaga Mama Nafula, mama kutoka kijijini Ndalu aliyefanya kazi pale tangu paa halijaezekwa. Nguvu bado alikuwa nazo, ila mkataba wake wa msimu haukuandikwa tena. Tulimnunulia blanketi, chai ikapikwa, mandazi yakafunikwa, na meneja mwenyewe akaja kutoka Bungoma. Mchungaji aliyealikwa kuomba akachelewa, meneja akauliza ni nani atatuombea ili tuanze, na mimi nikiyaangalia yale mandazi nikainua mkono. Nilipanga kuomba maneno machache tu.

Tukashikana mikono, na kwa bahati yangu mkono wangu ukaangukia kwa meneja. Nikafumba macho, nikashukuru kwa siku na kwa chai, na kama ningesema amina hapo leo msingekuwa na cha kusikia, ila nikataja jina la Mama Nafula. Nikakumbuka kwamba yeye na mwenzetu mmoja wa kiume, Barasa, wanaendesha mashine moja ya kukausha, zamu moja, vumbi lile lile, lakini Barasa ameajiriwa kazi ya kudumu, analipwa zaidi, na kila mwezi kampuni inamwekea akiba ya uzeeni, na Mama Nafula (kama sisi wanawake wote wa pale) ni kibarua wa msimu, anarudi Ndalu na lile blanketi basi. Nikamwambia Mungu yote.

Nilimwambia kwa sauti, jamani, na akina mama wakaanza "Ndiyo, Bwana," na ukiitikiwa hivyo huwezi kukoma, nikapandisha sauti, nikalia, nikautikisa mkono wa meneja kama natwanga, na hakuna aliyenizuia kwa sababu nani atamkatiza mtu akiongea na Mungu? Nikamalizia kwa nguvu zote: "Na huyu Kufuli, Baba, mguse moyo aone kwamba Mama Nafula pia anazeeka."

"Amina," wakasema wote, na sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya meneja.

Nikafumbua macho. Leso ilikuwa imeanguka, kamasi zinatiririka, na watu wote wanaangalia sakafu. (Kufuli, niwaeleze, ni jina tulilompa meneja kwa ubahili wake, na tulilitumia tu akiwa Bungoma.)

"Hiyo Kufuli ni nani?" akauliza, mkono wake bado uko kwangu.

Nilitamani kuingia chini ya meza ya mandazi.

"Si ni wewe, bosi," akasema Barasa polepole. "Na kile amesema ni ukweli. Mimi na huyu mama ni mashine moja. Mimi nasikia aibu kukula hii chai."

Hakuna aliyekula. Ati mimi niliyeomba kwa sababu ya mandazi. Nilirudi nyumbani na njaa yangu, nikijua nimejifuta kazi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumatatu Barasa na wanaume wenzake hawakuwasha mashine. Walikaa juu ya magunia wakasema watawasha tukitoka ofisini na jibu, na sisi akina mama tukaingia, Mama Nafula (alikuwa bado hajarudi Ndalu) mbele, mimi nyuma kabisa, leso hadi machoni. Meneja aliniona tu.

"Wewe leo usiombe," akasema. "Ongea na mimi."

Tuliongea siku hiyo na siku nyingine nyingi, tukavutana, lakini mwishowe tukaajiriwa kazi ya kudumu, mshahara wa mashine ukawa mmoja kwa mwanamume na mwanamke, na akiba ya uzeeni ikaanza kuwekwa kwa kila mtu. Mama Nafula akarudi kwenye mashine yake. Blanketi alikataa kulirudisha.

Mwezi uliopita ndio amestaafu kweli. Miaka iliyopotea haikurudi, na akiba yake si kubwa, lakini itamfikia kule Ndalu bila yeye kumwomba mtoto yeyote hela ya sukari. Nawashukuru akina mama walioniitikia, namshukuru Barasa, namshukuru hata Kufuli (siku hizi anajiita hivyo mwenyewe).

Nilikuwa nimeapa sitaomba tena mbele ya watu nikiwa na njaa, kwa hiyo siku hiyo ya kumuaga nilikunywa chai nyumbani mpaka nikashiba. Meneja alipouliza ni nani atatuombea, nikaangalia viatu vyangu.

"Aombe Chemtai," akasema Mama Nafula. "Nani tena?"

Tukashikana mikono, isipokuwa meneja, aliyeutia wake mfukoni. Nikafumba macho. Nikasema, "Asante," nikangoja neno lingine lije, halikuja. Wakasema amina, na chai tukainywa ingali moto.